Nusu Yangu, Nusu ya Mheshimiwa

Chumba cha kupigia pasi cha bweni letu kina meza moja ndefu iliyoungua kila mahali, dirisha lisilofungika, na pasi moja inayofanya kazi siku ikijisikia. Hakuna mtu anayekaa humo kwa hiari yake. Kwa sababu hiyo nilikiteua kuwa Chuo Kikuu cha Lugha ya Kijapani, mimi nikiwa mkuu wa chuo, mhadhiri, mwanafunzi, na siku ambazo vumbi lilizidi, mfagizi.

Wanafunzi tulikuwa wawili. Wa pili alihama.

Huyo wa pili alikuwa Mheshimiwa. Alilala kitanda cha juu na mimi cha chini tangu siku tuliyoingia shuleni na masanduku yetu. Jina hilo alilipata kwa sababu hakuwahi kuomba kitu bila kusimama na kusafisha koo. Hata chumvi aliiomba hivyo: "Ndugu Mwenyekiti, naomba kutoa hoja kuhusu chumvi iliyo mbele yako." Mwenyekiti nilikuwa mimi. Tulimfanyia vituko kila mtu, kuanzia kiranja wa bweni hadi mpishi, na kazi tuligawana kwa haki: mipango ilikuwa yangu, uso ulikuwa wake. Uso wa Mheshimiwa haukusema kitu. Aliweza kusimama mbele ya mwalimu mkuu na chura mfukoni, akamuuliza kwa upole kuhusu ratiba ya mitihani.

Kitabu kilitoka kwa shangazi yake, ambaye hufanya usafi hotelini. Mgeni mmoja aliondoka akakiacha chini ya kitanda, hakurudi kukidai, na shangazi akampa Mheshimiwa kwa maneno haya: "Chukua wewe, unayependa picha kuliko maandishi." Kilikuwa kitabu cha katuni cha Kijapani, kikubwa kama daftari na kinene kama tofali, na jalada lake lilikuwa limeng'oka zamani. Tulikifungua kama mtu yeyote mwenye akili timamu anavyofungua kitabu. Ukurasa wa kwanza kabisa, mvulana amekaa peke yake kwenye kituo cha treni. Kurasa zinazofuata amenuna, anatembea, anagombana na watu. Baadaye anatokea mvulana mwingine. Kadiri unavyofunua, wanazidi kuwa marafiki, hadi mwishoni wanacheka kila picha.

"Hadithi safi sana," alitamka Mheshimiwa. "Inaanza vibaya inaisha vizuri. Kinyume kabisa cha maendeleo yangu ya Hisabati."

Tuliazimia kuisoma. Si kuangalia picha, kuisoma. Mwalimu wa kompyuta alituchapishia jedwali la herufi za Kijapani akiamini ni kwa ajili ya klabu ya Jiografia, na kwenye kasha la vitabu vya msaada maktaba tulikuta kamusi ambayo hakuna aliyewahi kuigusa, maana hata mende walikuwa wameiruka. Mheshimiwa alizipa herufi majina. Moja ilikuwa konokono aliyelala, nyingine ndoano, nyingine bibi aliyebeba mzigo. Tulikuwa tumefika kwenye mabibi wa aina tatu wanaofanana kama mapacha, ndipo baba yake, karani wa benki, akahamishiwa mji mwingine. Mheshimiwa angekwenda naye, asome shule ya kutwa karibu na nyumbani.

Asubuhi ya kuondoka, gari likiwa linamsubiri getini, tulikikata kitabu katikati kwa mkasi wa matroni. Nilichukua mwanzo, kwa kuwa mimi si mtu wa kungoja. Yeye akachukua mwisho. Tukaweka mkataba kwamba kila mtu atasoma nusu yake, kidogo kila siku bila kuruka, na kila Jumapili tutapeana ripoti kwa simu. Tukimaliza, mimi nitamsomea mwanzo, yeye atanisomea mwisho.

"Ndugu Mwenyekiti," alisema, "Bunge linaahirishwa."

Alipanda gari bila uso wake kusema kitu. Mimi nilikwenda kufua soksi ambazo zilikuwa safi.

Basi nikaanzisha ratiba. Natangaza kwa fahari kwamba haikuwa ratiba ya kuchora kwa kalamu za rangi na kubandika ukutani. Nilishachora za namna hiyo nyingi, na zote zilifia ukutani. Hii niliibandika kwenye mambo ambayo lazima yatokee. Wenzangu wakipanga foleni ya bafu asubuhi, mimi nilikuwa chumba cha pasi naandika herufi kwa kidole kwenye vumbi la kioo, nafuta, naandika tena. Kwenye foleni ya chakula cha mchana nilikuwa na vikadi vya herufi kwenye mkono wa sweta, navitoa kimoja kimoja kama mwizi wa karata. Jioni, wakati wa kulinda nguo kambani zisipate wamiliki wapya, nilisoma kitabu chenyewe. Ukurasa mmoja ukigoma, nausoma tena kesho yake. Sikujiruhusu kusonga mbele kwa hasira wala kusimama kwa uvivu.

Inachosha kusikia, najua. Lakini ilinifaa, kwa sababu siku ilikuwa na matundu mengi. Hakuna mtu aliyewekwa kitanda cha juu. Kiranja aliamua kiwe stoo ya ndoo, kwa hiyo mahali ambapo nilizoea kuona godoro limebonyea kwa uzito wa kiongozi wa taifa, sasa niliona chaga na makalio ya ndoo za plastiki. Niliwahi kuzitolea hoja. Ndoo hazikuunga mkono.

Wenzangu wa bweni hawakuwa wabaya. Waliniita Balozi, wakaniuliza ubalozi unafunguliwa lini na kama viza ni bure. Nilicheka nao. Ila kuchekwa kwa upendo na watu wengi si sawa na kucheka na mtu mmoja, na hilo ni jambo ambalo halimo kwenye mtaala.

Nililigundua vizuri siku ya tangazo. Nilikuwa nimebaini kwamba Kiswahili kinakaa kwenye herufi za Kijapani kama mguu kwenye kandambili ya zamani. Unaandika silabi kwa silabi, hakuna kinachobaki nje. Nikachukua karatasi nzuri, nikapiga mistari kwa rula, nikaandika kwa herufi za Kijapani, kwa mwandiko wa serikali: *Maharage ya leo yamepikwa na adui wa taifa. Wananchi mtulie.* Chini nikachora muhuri. Nikalibandika ubaoni, katikati ya orodha ya zamu na picha ya meno yaliyooza.

Umati ulijaa. Mwalimu wa zamu akaja, mikono nyuma, akalitazama tangazo kuanzia juu hadi chini kama mtu anayekagua gwaride.

"Hii ni nini?"

"Ni tangazo la klabu ya lugha, mwalimu," nikasema.

"Kichina hiki?"

"Kijapani, mwalimu."

"Safi sana. Linasemaje?"

"Linahimiza usafi wa vyoo, mwalimu."

"Mmesikia?" Aliwageukia wenzangu. "Mwenzenu anahimiza usafi kwa lugha za nje, nyie hata kwa lugha ya mama zenu hamsafishi. Lisitolewe hilo. Likae mwezi mzima."

Lilikuwa ndilo pigo bora la maisha yangu. Nilikimbilia nyuma ya jiko, nikainama nikashika magoti, nikacheka mpaka machozi. Halafu nikainua kichwa nimtazame wa kucheka naye. Palikuwa na pipa la maganda. Duniani kote alikuwepo mtu mmoja tu ambaye angesimama mbele ya tangazo lile na kuelewa, na alikuwa mji mwingine anasoma kutwa. Tangazo lilikaa pale mwezi mzima. Kila siku nilipita mbele yake peke yangu, na kila siku lilizidi kutochekesha.

Kwa hiyo Jumapili ndiyo ilikuwa roho ya mambo yote.

Simu ilikuwa ya matroni. Siku nzima ya Jumapili alikaa mlangoni kwake anafuma vitambaa vya meza, vile vya duara, na zamu yako ya kuongea ilikuwa mzunguko mmoja wa kitambaa. Hapo ndipo penye hesabu kali. Kitambaa kikianza ni kidogo kama kifungo. Mzunguko wake unamalizika hujamaliza kusema hujambo. Kikikaribia kuisha ni kipana kama sinia, na mtu unaweza kueleza ugonjwa, ukaomba hela ya matumizi, na kuwasalimia hadi majirani. Foleni nzima ilikuwa inachungulia mapajani kwa matroni. Watu waliuziana nafasi.

Mimi zamu yangu nilimpigia Mheshimiwa, siku zote. Ripoti zake zilikuwa fupi na za kutia moyo. "Naendelea vizuri, Mwenyekiti. Ukurasa wa leo ulikuwa mgumu, lakini tumeubana." Au: "Wanakaribia kuelewana hawa. Utafurahi." Nilirudi bwenini natembea kwa kurukaruka kidogo, na wiki ilianza.

Kisha kitabu kikaanza kunisumbua.

Nilikuwa sasa nasoma kweli. Pembeni ya zile herufi kubwa ngumu kuna vijiherufi vidogo vya kuzitamka, na nikishatamka neno nalitafuta kwenye kamusi. Maneno yalieleweka. Mazungumzo ndiyo hayakueleweka. Mtu anajibu, halafu ukurasa unaofuata anaulizwa. Mmoja anashukuru kwa zawadi, kisha ndipo analetewa. Mvulana anafungwa bendeji ukurasa huu, anaumia ule. Nilidhani ni ustadi wa Wajapani. Hata zile namba chache za kurasa, zilizojificha pembeni, zilikuwa zinapungua kadiri nilivyosonga, na mimi na Mheshimiwa tulikuwa tumekubaliana zamani kwamba wanahesabu kurudi nyuma kama watu wanaorusha roketi.

Jioni moja, shati la mtu likinidondoshea maji shingoni, nilisoma ukurasa, nikasoma ulio kabla yake, na mambo mawili yakashikana mikono. Nikarudi nyuma tena. Yakashikana tena. Nilisimama pale chini ya nguo nikiwa nimeduwaa. Kitabu cha Kijapani kinafunguliwa upande wa pili. Sisi tulikuwa tumeingia kwa mlango wa nyuma, tukakaa sebuleni, tukawasifu wenye nyumba kwa mlango wao mzuri.

Kwa hiyo nusu yangu ndiyo mwisho. Mwanzo alikuwa nao Mheshimiwa. Na yule mvulana wa kituo cha treni hakuwa anangoja rafiki. Treni ilikuwa imeshaondoka, na rafiki alikuwa ndani yake. Kwenye picha hiyo kuna neno moja tu, na ni rahisi kuliko yote niliyowahi kujifunza: mstari mmoja, kisha miguu miwili ya mtu. Peke yake. Sikuhitaji kamusi.

Ajabu ni kwamba nilifurahi. Nilitaka kukimbia hadi kwa matroni siku ileile. Kisha nikafikiria zaidi, na furaha ikapungua kasi. Kama mimi nimegundua kwenye nusu hii, Mheshimiwa kwenye nusu yake angegundua mapema zaidi, maana yeye ndiye aliyekuwa na ukurasa wa mwanzo, wenye jina la hadithi kwa herufi kubwa kama bango la duka. Mtu aliyefungua nusu ile na kuisoma, hata kwa kusuasua, lazima angejua. Naye Jumapili baada ya Jumapili alikuwa ananiambia wanakaribia kuelewana.

Yalikuwepo maelezo mawili tu. Ya kwanza, kwamba Mheshimiwa aligundua zamani, akakaa kimya kwa makusudi, anaingoja siku nitakapogundua mwenyewe anicheke hadi aanguke. Kituko kikubwa kuliko vyote tulivyowahi kufanya, na mlengwa ni mimi. Ingekuwa kazi yake kabisa. Maelezo ya pili sikuyaandikia hata kichwa cha habari.

Wiki ile niliishi kwenye maelezo ya kwanza. Nilipiga mswaki nikitabasamu. Niliandaa hotuba ya kukubali kushindwa, yenye utangulizi na shukrani. Ila kwenye foleni ya chakula vikadi vilinidondoka, na sikuviokota mara moja.

Jumapili kitambaa cha matroni kilikuwa kipana, karibu kuisha. Nilikuwa nimempa jamaa mmoja sabuni nzima ili anipishe. Matroni alinipa simu bila kuinua macho.

"Ongea, baba. Ukiniharibia hesabu ya matundu nakukata."

Mheshimiwa alipokea. Nyuma yake kulikuwa na kelele za mpira na watu wanaobishana.

"Ndugu Mwenyekiti! Habari za Bunge?"

"Nzuri. Umefika wapi?"

"Nakaribia mwisho kabisa, ndugu yangu. Kurasa za mwisho mwisho hizi."

"Wanafanya nini?"

"Nani?"

"Wale wawili."

"Aah, wamefurahi. Wanacheka tu. Mambo yameisha vizuri."

"Na ukurasa wenye maandishi makubwa ushaufikia?"

"Huo... huo bado."

"Mheshimiwa," nikasema, "kama ni kituko niambie. Nakuvulia kofia. Nimeandika hadi hotuba."

"Kituko gani?"

Simu haina uso. Lakini hilo "gani" lilitoka kavu, la mtu asiyejua kweli anachoulizwa, na nikajua hakuna kituko. Nyuma yake mtu akapaza sauti: "Dokta! Dokta, unakuja au tumpange mwingine?" Naye akajibu, mdomo ukiwa mbali na simu: "Nakuja, dakika moja!"

Kumbe huko anaitwa Dokta.

"Hujasoma," nikasema.

"Mwenyekiti, sikiliza..."

"Hata ukurasa mmoja?"

"Mwanzoni nilisoma. Wallahi nilisoma. Halafu wale mabibi watatu wakanichanganya, na huku kuna mazoezi kila jioni, na..." Akasafisha koo, kwa mazoea, lakini hakikufuata kichekesho. "Nilifunikia madaftari."

"Nini?"

"Walitaka madaftari yote yawe yamefunikwa kesho yake, la sivyo bakora. Nyumbani hakukuwa na gazeti hata moja. Nikabandika kurasa mbili mbili kwa gundi. Nilidhani nitakwambia, halafu kila Jumapili unapiga una furaha, nikashindwa."

Niliona jinsi sindano ya matroni inavyokimbia ukingoni mwa kitambaa. Ilikuwa imebaki robo ya duara.

"Madaftari yako wapi?" nikauliza.

"Yapo. Hisabati liko hapa mezani."

"Niambie kuna nini juu."

"Sasa hivi?"

"Sasa hivi."

Nikasikia akivuta kiti. "Haya. Kuna mvulana ameanguka na baiskeli. Kwenye mtaro. Mwingine amesimama juu anamcheka, mdomo wazi hadi koo linaonekana. Halafu... subiri, gundi imeshika hapa. Halafu naye anateleza anaanguka palepale. Wote wawili wako kwenye tope."

"Wanasema nini?"

"Mwenyekiti, mimi nitajuaje?"

Tukacheka, wote wawili, ghafla, kama zamani, kwa muda ambao haungetosha kufunga kamba za kiatu. Kisha tukaacha pamoja.

Sindano ilikuwa imefika. Matroni alinyoosha mkono apokee simu, akanitazama usoni, mkono ukarudi. Akashika uzi akauvuta, na mzunguko wote ukaanza kufumuka.

"Mama!" foleni ikalia. "Mama, huyo amemaliza!"

"Nimekosea matundu," alisema matroni. "Nafumua. Mwenye haraka akafume chake."

Mheshimiwa alikuwa anaongea. "Jiografia nimeliacha shuleni. Jumapili ijayo nitakuelezea la Jiografia. Na Historia pia. Nitakuelezea yote."

"Sawa."

"Ila niambie kitu, ndugu yangu. Wewe umesoma. Yule wa kituoni, pale mwanzo. Mwishoni wanakutana kweli, au tulijidanganya?"

Wale wa mpira walimwita tena. Nilikuwa na jibu kamili, na tarehe ya ugunduzi, na hotuba yenye shukrani. Ningeweza kumwambia kwamba mwanzo alikuwa nao yeye, akaubandika kwenye Hisabati.

"Wanakutana," nikasema.

"Nilijua! Si nilikwambia? Inaanza vibaya inaisha vizuri."

"Nenda kacheze, wamekungoja sana."

Nikampa matroni simu. Aliipokea, akaipitisha kwa anayefuata, akaanza kufuma upya mahali alipofumua. Nilimshukuru, akasema, "Kwa lipi?"

Jumapili haimo kwenye ratiba yangu. Niliiweka siku ya mapumziko. Hata hivyo nilikwenda chumba cha kupigia pasi na nusu yangu mkononi. Nilikaa mezani, nikageuza kitabu kiwe upande wake halali, nikaanza ukurasa wa kwanza wa kile nilichonacho, ambao ni katikati ya hadithi. Wale wawili wanasukuma baiskeli kupanda mlima. Mmoja anasema jambo refu, na ndani yake kulikuwa na maneno matatu nisiyoyajua. Nikafungua kamusi nikatafuta la kwanza.

Mlango ukasukumwa. Aliingia jamaa mmoja na shati lake la Jumatatu begani.

"Balozi, leo ubalozi si umefungwa?"

"Umefunguliwa."

"Basi sogeza ubalozi huko pembeni, nipige kola."

Nikasogea hadi mwisho wa meza, nikatafuta la pili.